Msomaji Aliyekuja na Skrubu Kwenye Kikombe

Sifa hazikuwa tatizo kwa Bi Mafuta. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, akishaweka hadithi mpya kwenye blogu yake, zilimiminika zenyewe: maua kutoka kwa dada yake, makopa mekundu kutoka kwa wifi, mikono inayopiga makofi kutoka kwa shemeji mmoja ambaye hata barua ya benki husomewa na mkewe. Wasomaji wake walikuwa kumi na mmoja, ndugu watupu, na kwa miaka miwili aliwashukuru mmoja mmoja bila kumruka mtu. Alijiona ana bahati.

Jina lake halisi alilijua mama yake na kadi ya hospitali. Wengine wote walimwita Bi Mafuta kwa sababu ya kile kikopo chenye mdomo mrefu ambacho hakikumtoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani. Kutengeneza, si kushona. Kushona hakukumpenda, na yeye hakukupenda. Ukimpa suruali apunguze urefu atakurudishia kaptula. Lakini mpe cherehani kilichogoma, kilichotafuna nguo, kilichokaa stoo miaka saba na panya wakazaliana ndani, halafu rudi kesho.

Alifanyia kazi chumba kimoja kati ya duka la madaftari na kinyozi, chenye rafu tatu na dirisha lililoangalia ukuta. Alifunzwa na mjomba wake, na kutoka kwake alirithi sheria moja tu: cherehani ukikifungua, huinuki mpaka umekifunga. Chai ipoe, simu ilie, mgeni asubiri. Siku kinyozi wa jirani alipounguza waya na moshi ukatanda kibarazani, watu wote walitoka mbio, isipokuwa Bi Mafuta. Alitoka dakika mbili baadaye, anakohoa, bisibisi mkononi. Zilikuwa zimebaki skrubu mbili.

Wateja walipokuwa wakisubiri, waliongea. Mtu anayetazama cherehani chake kikifunguliwa huwa kama mtu aliye kwa daktari, hujikuta anasema hata asiyoulizwa. Bi Mafuta alisikiliza, akaomba ruhusa, akaahidi kutotaja jina la mtu, akaandika. Blogu yake haikuwa na neno hata moja la ufundi. Ilikuwa na mama aliyeshona gauni la harusi ya mke mwenzake, na kijana aliyejifunza kushona kwa siri kwa kuogopa baba, na watu wengine wa namna hiyo, mia moja na watatu kwa jumla. Aliipenda kazi ile ya kuandika kuliko alivyowahi kumkiri mtu yeyote.

Mambo yaliharibika Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Binti wa kaka yake, anayetangaza biashara ya duka la samani mtandaoni na kwa hiyo anajua kila kitu, alikuja kusalimia akaishika simu ya shangazi yake.

"Shangazi, unajua blogu yako inahesabu hata muda ambao mtu anakaa akisoma?"

Shangazi hakujua. Heri asingejua. Binti aligusa hapa, akagusa pale, ikatokea namba. Hadithi ambayo kuisoma huchukua robo saa, wasomaji wake walikaa nayo, kwa wastani, sekunde kumi na moja.

"Kumi na moja," alisema Bi Mafuta. "Hata miwani hujaivaa."

Akageuka taratibu kumtazama mumewe, mwalimu mstaafu wa michezo, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na gazeti usoni.

"Mwalimu, ile ya jana uliisoma?"

"Nimeisoma, mama. Imenigusa sana."

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Imekugusa wapi?"

Mwalimu alikunja gazeti kwa uangalifu mkubwa, kama linavyokunjwa na mtu anayetafuta muda. "Pale katikati."

"Katikati kuna nini?"

"Si pana..." Alimtazama binti, binti akatazama dari. "Si pana cherehani?"

Bi Mafuta hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Aliinuka, akasimama katikati ya sebule, akala kiapo mbele ya mashahidi wawili na sahani ambazo hazijaoshwa. "Mwezi huu ukiisha, asipopatikana msomaji mmoja, mmoja tu, asiye ndugu wala wifi wala shemeji, aliyesoma hadithi yangu mpaka nukta ya mwisho, blogu naifunga. Kalamu nitaandikia risiti."

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu. Mwalimu alidhani ni hasira za mchana, lakini binti, aliyemjua shangazi yake, alikaa wima. Alikuwa na dawa: video fupi. Watu siku hizi hawasomi wakakutana na mtu, wanakutana na mtu kwanza ndipo wasome. Dakika moja tu, shangazi atengeneze kitu, wamwone, wampende, kisha wafuate kiungo waingie kwenye blogu. Yeye mwenyewe angekuja kila jioni akitoka kazini kushika simu.

Na kweli, walimpenda. Kamera ilimpenda zaidi. Video ya kwanza alionyesha kwa nini sindano inavunjika ovyo, akaifunga kwa sekunde hamsini na nane, akakipiga cherehani kofi la mgongo kama ng'ombe aliyemaliza kukamuliwa, akasema, "Nenda zako." Watu elfu tisa waliitazama. Ya pili, ya mkanda unaoteleza, watu elfu kumi na nne. Maoni yalijaa: shangazi tumekuelewa, shangazi chetu kimepona, shangazi una mtoto wa kiume? Kwa siku mbili Bi Mafuta alitembea kama mtu aliyenyooshewa mgongo. Siku ya tatu akaenda kuangalia blogu.

Wasomaji kumi na mmoja. Wale wale, na sekunde zile zile.

"Kosa ni lako, shangazi," alisema binti, bila kung'ata maneno. "Unawashibisha mlangoni, nani ataingia ndani? Unafungua, unatengeneza, unafunga. Mtu kashapona, anaondoka. Inabidi ukatishe. Fungua, onyesha ugonjwa, halafu simama hapo hapo. Wabaki na roho juu."

"Nisimame kikiwa wazi?"

"Kikiwa wazi kabisa."

Ungemwambia atembee sokoni bila viatu angekubali upesi zaidi. Walibishana jioni mbili nzima. Jioni ya tatu zilikuwa zimebaki siku tisa, na Bi Mafuta akapiga moyo konde. Walichagua ugonjwa unaojulikana na kila mshonaji: uzi kujisokota chini ya kitambaa mpaka nguo inanasa. Akatoa bamba, akatoa kikombe cha bobini kinachobeba uzi wa chini, akatoa ile pete inayokishikilia, akainua kwa kibano donge la vumbi la nyuzi. "Mnaliona hili?" alisema. "Hili ndilo. Sasa, kurudisha pete hii kuna siri, na wengi hapa ndipo..."

"Hapo!" alisema binti, akazima.

Mikono ya Bi Mafuta haikuzimika. Iliendelea yenyewe, ikarudisha pete, ikarudisha kikombe, ikakaza bamba, ndipo mwenyewe akapumua. Binti alikuwa ameshatoka na simu yake. Njiani kuelekea nyumbani aliongeza maneno ya mwisho kwa sauti yake mwenyewe: "Kujua siri ya kurudisha pete, ingia kwenye blogu ya shangazi." Ilikuwa akili nzuri, ila kwa jambo moja dogo. Binti naye alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja. Hajawahi kusoma hata hadithi moja, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba blogu ya fundi wa vyerehani imejaa mambo ya vyerehani.

Kesho yake saa tatu asubuhi mlango wa chumba cha kazi ulisukumwa kwa goti. Aliingia mwanamke mpana, jasho linamtiririka, amekumbatia cherehani kifuani kama mtoto mgonjwa, tumbo la cherehani limeachama. Juu ya meza aliweka cherehani, kisha akaweka kikombe cha chai. Ndani ya kikombe mlikuwa na skrubu nne, bamba, na pete.

"Wewe ndiye shangazi wa kwenye video? Nimekuulizia mtaa kwa mtaa."

"Ndiye mimi. Karibu, mama."

"Usinikaribishe! Nina sare za shule sitini na mbili, za kesho, na cherehani ndicho hicho! Jana umenifungulisha. Nikafungua. Ukasema kuna siri. Iko wapi siri?"

Bi Mafuta alitazama lile tumbo wazi, na aibu ikampanda kuanzia miguuni. Huyu hakuwa mtu wa kubaki na roho juu. Huyu alikuwa na watoto sitini na wawili wasio na sare, kwa sababu yeye, mpwa wa mjomba wake, alisimama katikati ya kazi. Hakujitetea. Alivuta kiti, akawasha taa, akachukua pete.

"Nisamehe, mama. Nipe dakika kumi."

"Dakika kumi! Mimi nimepoteza usiku mzima!" Mshonaji aliketi, kisha akasimama tena, maana hasira yake haikuenea kwenye kiti. "Nikaambiwa ingia kwenye blogu. Nikaingia. Nikakuta mzee. Mzee mstaafu wa posta! Nikasema sawa, huenda anaanza mbali, ataifikia pete. Nikasoma. Mzee analeta kwa mkokoteni cherehani cha marehemu mkewe kila mwisho wa mwezi, na wala hakiumwi. Sawa. Fundi anajua hakiumwi, mzee anajua kwamba fundi anajua. Sawa! Fundi anakitia mafuta, anakijaribu kwenye kipande cha kitambaa, mzee anakaa anasikiliza mlio, analipa, anaondoka. Pete iko wapi? Nikasoma mpaka mwisho. Hakuna pete! Nikadhani nimeruka mahali, nikarudi mwanzo nikasoma tena!"

Bisibisi ilisimama hewani. Hilo peke yake lingewashtua wote waliowahi kumwona Bi Mafuta kazini.

"Umesema umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka nukta! Mara mbili!"

Bi Mafuta aliinamisha kichwa ndani ya cherehani zaidi ya ilivyohitajika. Mbele yake amesimama yule mtu mmoja, asiye ndugu, asiye wifi, amekuja na miguu yake, na amekuja kumtukana. Alitaka kucheka, alitaka kumshika mkono, alitaka kumuuliza kama ile sehemu ya mzee kukunja leso haikuwa ndefu mno. Akajikaza akauma midomo. Si wakati wake, mtu ana sare sitini na mbili.

Lakini mshonaji alikuwa hajamaliza.

"Na yuko wapi sasa?"

"Nani?"

"Nani! Mzee wa watu! Umeandika mara ya mwisho alikiacha hapa, na huu mwezi wa tatu hajaja kukichukua. Halafu ukamalizia, 'Cherehani kiko rafuni, nimekitia mafuta.' Basi. Umekunja jamvi. Yuko wapi?"

"Sijui, mama. Simu yake haipatikani."

"Ukamwendea?"

Bi Mafuta aliipangusa pete iliyokuwa safi tayari. Kwa kinyozi, mashine ya kunyolea iliunguruma na kunyamaza.

"Mwenyewe umeandika anakokaa: nyuma ya kiwanda cha chapa, nyumba ya tatu, mlango wa kijani. Mimi sijawahi kufika huko na ninaweza kwenda nimefumba macho. Ni mwendo gani kutoka hapa?"

"Dakika ishirini," alisema Bi Mafuta, kwa sauti ndogo.

Ukweli ulikuwa mbaya, na hakuwa na pa kuuficha. Mwezi wa kwanza alisema mzee atakuja. Mwezi wa pili alianza kuogopa kwamba mzee amekufa. Mwezi wa tatu ile sentensi ya mwisho ilimjia akiwa anapangusa rafu, akaiona nzuri, nzuri kweli, na mwisho mzuri namna ile hutaki kwenda kugonga mlango ukauharibu. Alikuwa ameipenda sentensi kuliko mzee. Hakuna msomaji kati ya kumi na mmoja aliyewahi kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyefika huko.

"Mimi kazi yangu siiachi wazi," alisema, na mara maneno yalipomtoka akayasikia yalivyo.

"Changu umekiacha wazi," alisema mshonaji. "Na mzee wa watu umemwacha wazi."

Pete iliingia mahali pake ikalia tiki. Bi Mafuta alikaza bamba, akaweka uzi, akapitisha kitambaa. Mshono ukatoka umenyooka, chini na juu. Mshonaji alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu jana. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alitoa simu yake mwenyewe.

"Wangapi wameiona ile video?"

"Binti anasema elfu ishirini na kitu."

"Maana yake wako wengine majumbani na pete mikononi. Wamalizie. Mimi nashika."

Kwa hiyo video iliyofuata ilichukuliwa na mteja mwenye kinyongo. Bi Mafuta alikifungua tena cherehani, akaonyesha siri yenyewe, ambayo haikuwa siri: pete ina upande wenye pengo dogo, pengo likae juu, basi. Akafunga skrubu zote nne mbele ya kamera. Akaomba radhi kwa jana. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia "hapo!", akaendelea kuongea.

"Hiki cheusi nyuma yangu kina mwenyewe. Kizima, hakina ugonjwa. Mwenyewe hajaja miezi mitatu, na mimi nikakaa nikaandika juu yake badala ya kumtafuta. Hayo niliyoandika yako kwenye blogu. Humo hakuna ufundi, msiende kutafuta pete. Yaliyobaki mimi mwenyewe siyajui. Naenda sasa hivi."

Akakishusha cherehani cheusi kutoka rafuni. Mshonaji alimtumia binti ile video kwa namba aliyotajiwa, akatazama sare zake, akatazama mlango.

"Shangazi, huo mzigo ni wa watu wawili."

"Na sare?"

"Nitakimbiza. Nitashona vipi huku sijui kama yupo hai?"

Wakafunga chumba, wakakibeba, mmoja kichwa, mwingine gurudumu, wakipumzika kila nguzo ya tatu. Ndani ya mkoba wa Bi Mafuta simu iliita mara nne. Alikuwa binti, akitaka kusema kwamba blogu imejaa watu, kwamba wanakaa dakika kumi, kumi na mbili, kwamba wanauliza wote swali moja. Hakupokea. Moyo wake ulikuwa mbele, kwenye mlango wa kijani, ukigonga kabla yake.

Mlango ulifunguliwa kwa shida. Alisimama mzee mwembamba, kashikilia fremu ya mlango, mguu mmoja umo ndani ya plasta nyeupe mpaka gotini. Alimtazama Bi Mafuta, akakitazama cherehani, na uso wake ukakunjamana kwa ghadhabu.

"Miezi mitatu!" alisema. "Nimeanguka bafuni, simu ikatumbukia kwenye ndoo, namba zote zikaenda na maji. Nikasema si kitu, fundi ataona sipo, atakuja. Miezi mitatu! Nikadhani umekiuza!"

"Nisamehe, baba," alisema Bi Mafuta. Ilikuwa mara ya tatu kuomba radhi siku hiyo na saa sita haijafika, na hakuwahi kuomba radhi kwa furaha namna ile.

Walikiweka kwenye meza yake ya kukanyagia karibu na dirisha, wakakivisha mkanda. Mzee aliketi, akanyoosha mguu wa plasta juu ya kigoda. Mshonaji alichomoa mfukoni kipande cha kitambaa cha sare, akakilaza chini ya sindano. Bi Mafuta akaanza kukanyaga, na ule mlio ukajaa chumbani, tak-tak-tak, wa chuma cha zamani kinachojua kazi yake. Ghadhabu ya mzee iliyeyuka.

"Na huyu ni nani?" aliuliza mzee, akimtazama mshonaji. "Ndugu yako?"

"Hapana, baba," alisema Bi Mafuta.

"Nani basi aliyewaelekeza kwangu?"

"Hakuna aliyetuelekeza," alijibu mshonaji. "Mimi nimesoma."

Machozi yalimtoka Bi Mafuta pale pale, mawili, kisha mengi, na hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini. Mshono ulipinda kushoto, ukapinda kulia, ukavuka kile kitambaa cha sare ukitangatanga. Alitaka kusimama aurekebishe.

"Usisimame kwanza," alisema mzee, macho ameyafumba, na Bi Mafuta akaendelea kukanyaga.